Kabla Hujaweka Window

Luthuli Avenue kuna imani kwamba diski ya kompyuta ni kama laini ya simu. Unaitoa kwenye kifaa cha zamani, unaichomeka kwenye kipya, namba ni ileile, M-Pesa ni ileile, maisha yanaendelea. Mashine ikikufia, muuzaji anakutuliza: nunua hii nyingine, diski yako tunaihamisha hapa hapa, utapata kila kitu vile ulikiacha. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kila kitu kipo. Shida iko kwenye "vile ulikiacha".

Mara nyingi mambo huwa hivi. Unabonyeza kitufe, feni inazunguka, taa inawaka, nembo ya kampuni inapita kwenye skrini, kisha unaachwa hapo. Labda ni giza lenye mstari mmoja wa maandishi meupe. Labda ni skrini ya buluu inayopita haraka hata huwezi kuisoma. Labda mashine inajizima na kujiwasha, inajizima na kujiwasha, mpaka unachomoa waya kwa hasira. Na fundi, ambaye ana wateja watatu wamesimama nyuma yako, anaangalia mara moja tu na kusema: "Hiyo tuiwekee window mpya."

Kuweka window ni kufuta diski na kuanza upya. Ni kazi ya saa moja hivi, bei yake inajulikana, na mashine huwaka kweli. Mteja anaondoka na kompyuta safi kama nyumba iliyohamwa. Sina ugomvi na mafundi. Nami nimelipwa kodi ya nyumba na kazi hiyo kwa muda. Ugomvi wangu ni kwamba dawa hii hutolewa kabla mgonjwa hajaulizwa anaumwa wapi. Na asilimia kubwa ya wagonjwa wa aina hii, wale waliohamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, hawaumwi kitu. Wamepotea tu.

Nina Anti yangu Nakuru, mdogo wake mama, ambaye ana duka la kuchapa na fotokopi kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo ambalo ngazi zake hazijawahi kuwa na balbu. Kazi zake unazijua: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za msingi, kadi za harusi, fomu za chama. Lakini kinacholipa kodi ya duka ni vijitabu vya mazishi. Harusi zina msimu, Anti husema, Desemba na Agosti. Watu hawafi kwa msimu.

Vijitabu hivyo anavitengeneza kwa PageMaker. Alijifunza chuoni na hajaona sababu ya kuiacha. Toleo la 7 lilitoka 2001, na baada ya hapo Adobe wakaanza kuwasukuma watu waende InDesign. Anti hakusukumika. Ana kiolezo cha kurasa nane, cha kumi na mbili na cha kumi na sita. Ana mipaka ya maua ya aina tatu. Ana fonti ambayo sijawahi kuiona popote pengine na ambayo familia za Nakuru huiomba bila kujua jina lake: "yale maandishi uliandikia Mama Wairimu". CD ya kusakinisha programu hiyo ilipotea zamani. PageMaker ya Anti inaishi mahali pamoja tu duniani, kwenye diski ya gigabaiti 320, ndani ya Windows 7, ndani ya boksi jeusi chini ya meza.

Jumanne moja jioni stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena. Boksi jeusi halikuwaka tena. Fundi wa chini alilifungua akamwonyesha kapasita zilizokuwa zimevimba vichwa kama mandazi. Bodi imeenda, alisema, na hapo alisema kweli. Jumatano asubuhi Anti akanunua mashine ya mtumba kutoka Uingereza, zile tunaita ex-UK, kwa elfu kumi na mbili. Fundi akahamisha diski. Skrini ikasema haioni chochote cha kuwashia. Fundi akasema tuweke window. Anti akaomba dakika tano, akanipigia.

Alichoniambia kwenye simu ni hiki. Siku ya Jumatatu mzee mmoja alikuja kutoka Molo. Dada yake mkubwa alikuwa amefariki, miaka tisini na kitu, na mazishi yalikuwa Ijumaa. Wajukuu walikuwa wameleta karatasi yenye wasifu wa marehemu, nusu ukurasa, umejaa "alikuwa mcheshi na mwenye upendo". Mzee akaikunja akaiweka mfukoni. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaanza kuhesabu: dada yake alizaliwa wapi, walihamishwa lini, aliolewa na nani, mtoto gani alifia wapi, nani alipewa jina la nani. Saa tatu nzima. Anti alikuwa anachapa moja kwa moja kwenye ukurasa huku mzee anazungumza, anafumba macho, anarudi nyuma, "hapana, huyo alizaliwa kabla ya yule". Hakuna aliyeandika kwa mkono. Hakuna aliyerekodi kwa simu. Kisha mzee akapanda matatu akarudi Molo kusubiri vitabu mia mbili Alhamisi jioni.

"Fundi anasema ataniokolea mafaili," Anti akasema. "Lakini anavyosema ni kama mtu anayetaka kuniuzia kitu. Kuja."

Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Kwenye matatu nilikuwa na flashi mfukoni na muda wa kutosha wa kufikiria.

Kitu cha kwanza ambacho mtu anapaswa kujua ni kwamba mafaili na kuwaka kwa mashine ni mambo mawili tofauti, na hofu huyachanganya. Mashine ikikataa kuwaka, tumbo linakuambia kila kitu kimepotea. Si lazima. Nilipofika nilichomeka flashi yenye Linux, nikabonyeza F12, nikawasha mashine kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya Anti kabisa. Kisha nikaifungua diski kama vile ungefungua droo. Zote zilikuwepo: folda za miaka kumi na moja, zimepangwa kwa majina ya marehemu. Anti aliinama karibu na skrini, akapitisha kidole, akaona ya Jumatatu. Akakaa chini.

"Si hizi hapa! Sasa chapa."

Hapo ndipo palikuwa na shida. Linux haijui PageMaker. LibreOffice Draw hujaribu kufungua mafaili hayo, na ilijaribu. Maneno ya mzee yalitokea, asante Mungu, lakini yamepandana kama watu kwenye foleni ya kupiga kura, picha kumi na tisa hazikuonekana, na mipaka ya maua ilikuwa imekuwa mistari. Maneno tulikuwa nayo. Kijitabu hatukuwa nacho. Kukipanga upya kwa programu nyingine, kwa mkono ambao haujazoea, kungechukua siku ambazo hatukuwa nazo, na ingekuwa ni kazi ya kijitabu kimoja tu. Vile vingine mia kadhaa, na violezo, na ile fonti, vingebaki mateka.

Kwa hivyo swali halikuwa tena "mafaili yako wapi". Swali lilikuwa: kwa nini Windows ileile, kwenye diski ileile, iliyowaka Jumanne asubuhi, haiwaki Jumatano?

Kabla ya kulijibu nilifanya jambo moja ambalo nalisisitiza kwa yeyote atakayesoma hii akiwa na diski ya zamani mkononi. Nilimwambia Anti anunue diski nyingine. Alinung'unika, akatoa. Nikaangalia kwanza afya ya ile ya zamani, maana diski hujiwekea rekodi ya sekta zake zilizoharibika na kuhamishwa. Hii ilikuwa na nane, si mbaya kwa umri wake. Kisha nikaichomeka ile mpya kando yake na kuanza kunakili kila kitu kwa programu inayoitwa ddrescue, si mafaili tu bali diski nzima, kutoka baiti ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na nafasi tupu. Baada ya hapo diski ya mzee wa Molo ingefungwa kwenye gazeti na kuwekwa kwenye droo, na majaribio yote yangefanywa kwa nakala. Ukiharibu nakala, unanakili tena.

Kunakili kulichukua karibu saa mbili. Fundi alipanda juu mara mbili kuangalia, akashuka.

Katika kusubiri Anti aliniuliza hiyo kitu inaitwaje kwa Kiswahili, hiyo mashine inafanya ikiwashwa kabla haijafika mahali pa kufanyia kazi. Nilikwama. Shuleni tulifundishwa tarakilishi, kipakatalishi, kipanya, na sijawahi kusikia mtu akisema tarakilishi dukani isipokuwa mwanafunzi anayechapisha insha kuhusu tarakilishi. Mafundi husema tu "inaboot". Neno hilo la Kiingereza linatokana na vitanzi vya nyuma ya viatu, na mzaha wa mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kujivuta viatu vyake mwenyewe. Ni mzaha mzuri ukiufikiria: kompyuta inahitaji programu ili isome diski, na programu yenyewe iko kwenye diski. Sisi tuna "kuwaka", ambalo ni neno la moto, na linatosha kwa jiko. Anti alifikiria, akasema: "Hii imewaka lakini haijaamka." Sijapata maelezo bora tangu siku hiyo, na nimesoma mengi.

Basi, kuamka.

Mashine inapowashwa, kwanza huamka programu ndogo iliyo kwenye bodi yenyewe. Zamani zote zilikuwa BIOS. BIOS haijui Windows ni nini. Inajua jambo moja: nenda kwenye diski, soma baiti 512 za kwanza, ukimbie unachokikuta. Katika hizo 512, maelekezo yanachukua 446, orodha ya sehemu nne za diski inachukua 64, na mbili za mwisho ni muhuri. Mpangilio huu ni wa 1983, wakati IBM walipotoa PC XT yenye diski ndani, na mashine ya Anti iliyokufa ilikuwa bado inaufuata. Fikiria hilo. Maua ya mazishi ya Nakuru yalikuwa yanategemea baiti 64 zilizopangwa wakati mama yangu yuko shule ya msingi.

Mashine mpya nyingi hazifuati tena utaratibu huo. Zina UEFI, ambayo haiangalii baiti 512. Inatafuta sehemu maalum ya diski yenye mafaili, na ndani yake faili la kuwashia. Isipolikuta, kwake diski hiyo haina kitu. Mwaka 2017 Intel walitangaza kwamba wanataka kuachana kabisa na njia ya zamani ifikapo 2020. Kwa bahati, mashine za miaka ya katikati, kama hii ya Anti ambayo ni ya 2012 au hapo karibu, zinajua njia zote mbili. Unaingia kwenye mipangilio na kuchagua ile ya kizamani, inayoitwa Legacy, baada ya kuzima ulinzi wa Secure Boot kama upo.

Kuingia kwenye mipangilio ndiko kulikotucheleweshea. Mashine iliomba nenosiri. Ubavuni ilikuwa na stika ya shule fulani ya Uingereza, na bila shaka mtu wa kompyuta wa shule hiyo aliweka nenosiri ili watoto wasicheze na mipangilio, akastaafu au akahama, na mashine ikasafiri baharini na siri yake. Fundi alikuwa amefika ukuta huu asubuhi na ndiyo maana aligeukia window. Sasa nilimwelewa zaidi. Lakini bodi za ofisi nyingi huwa na kichomeko kidogo cha plastiki, pini mbili, chenye herufi PSWD kando yake. Zima mashine, chomoa waya wa stima, ondoa kichomeko, washa, nenosiri limesahaulika. Fundi alishika tochi ya simu nikitoa. "Kumbe," alisema. Hakushuka tena baada ya hapo. Alivuta kiti.

Tukachagua Legacy. Tukawasha na nakala. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, taa nne za rangi za Windows 7 zikaanza kukutana katikati ya skrini. Anti akapiga makofi. Kabla taa hazijakutana vizuri, buluu ikapita, giza, na mashine ikaanza upya.

Watu wengi hukata tamaa hapa, na mimi husema hapa ndipo pa kufurahi. Skrini ya buluu ni ushahidi kwamba Windows imeanza kuamka. Aliyekufa haoti ndoto mbaya. Kinachotakiwa ni kuizuia isipite haraka: unabonyeza F8 mapema, kwenye orodha unachagua isijiwashe yenyewe ikianguka, unaacha ianguke tena, unasoma. Yetu ilisema 0x0000007B.

Namba hiyo ukiijua huisahau. Maana yake ni kwamba Windows haiwezi kuifikia diski iliyo na Windows. Soma tena hiyo sentensi. Imesomwa kutoka kwenye diski, inakimbia, imefika katikati ya safari, halafu inasema diski haionekani. Ni kama mtu aliyesimama barazani kwake anauliza njia ya kwenda kwake.

Na ina sababu. Katika sekunde za mwanzo Windows haitembei kwa miguu yake; inabebwa na BIOS, ambayo ndiyo inamsomea diski. Kisha inafika wakati wa kushuka mgongoni na kutumia drayva zake yenyewe. Sasa, siku Windows 7 ilipowekwa kwenye boksi jeusi, iliangalia jinsi bodi inavyozungumza na diski. Bodi ile ilizungumza kwa lugha ya zamani, IDE. Windows ikaweka drayva ya IDE kuwa ya kuamka mapema, na ile ya lugha mpya, AHCI, ambayo Intel walianza kuitoa 2004, ikaiweka kando: ipo, imo ndani ya diski, lakini imeambiwa isiamke mpaka iitwe. Mashine ya Uingereza inazungumza AHCI. Windows ilishuka mgongoni mwa BIOS, ikaita kwa IDE, hakuna aliyejibu, na drayva iliyoielewa lugha hiyo ilikuwa imelala kwa amri.

Kwa hali hii, kuingia kwa Safe Mode hakusaidii, maana Safe Mode nayo inatoka kwenye diski hiyohiyo. Ile chaguo ya kujirekebisha nayo kwa kawaida huzunguka robo saa kisha inasema imeshindwa. Hapo ndipo wengi huamua Windows imeoza. Haijaoza hata kidogo.

Dawa ina njia mbili. Ya haraka ni kurudi kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya SATA, na kuibadilisha kutoka AHCI hadi ATA, yaani kuiambia bodi mpya izungumze Kiswahili cha kale. Tukafanya hivyo. Taa nne zikakutana. Zikapumua, zikapumua tena kwa muda ambao Anti alikuwa ameshika kitambaa cha meza. Kisha picha ya ziwa aliyoiweka kwenye skrini yake 2014 ikatokea, na vipachiko vyake vyote vimejazana upande wa kushoto.

Kibodi haikufanya kazi. Ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la buluu, USB 3, ambalo Windows 7 haina drayva yake ya asili. Tukahamia tundu jeusi. Windows ikaanza kusalimiana na vifaa vipya kimoja kimoja, ikaomba kuwashwa tena, ikalalamika kuhusu leseni kwa sababu ile ya zamani ilikuja imefungwa na boksi jeusi. Ubavuni pa mashine ya Uingereza palikuwa na stika nyingine ya namba ya Windows 7 Professional, toleo lilelile, tukaitumia hiyo. Kadi ya mtandao haikutambuliwa na niliiacha hivyo kwa makusudi. Microsoft waliacha kuitengenezea Windows 7 kinga mnamo 14 Januari 2020. Mashine ya kuchapia vijitabu haina biashara yoyote kwenye intaneti, na Anti ana simu ya WhatsApp.

PageMaker ikafunguka. Kijitabu cha Molo kikafunguka. Picha kumi na tisa zilikuwa mahali pake, pamoja na ile ya marehemu akiwa msichana, amesimama kando ya baiskeli ambayo mzee alisema haikuwa yake, ilikuwa ya mpiga picha.

Njia ya pili, ya kudumu, niliifanya baadaye usiku wakati printa inakula karatasi kwenye meza nyingine. Unaifungua rejista ya Windows, unaenda kwenye orodha ya huduma, unatafuta drayva inayoitwa msahci, na thamani yake ya Start unaibadilisha kutoka 3 kuwa 0. Tatu maana yake subiri uitwe. Sifuri maana yake amka na wengine. Ni tarakimu moja. Kisha unazima, unarudisha AHCI kwenye mipangilio, unawasha, na mashine inaamka haraka zaidi kuliko awali. Mtu ambaye bodi yake haina kabisa chaguo la ATA anaweza kufanya kitu hichohicho kutoka nje: unawasha kwa CD ya Windows 7, unabonyeza Shift na F10, unaipakia rejista ya diski iliyolala na kubadilisha tarakimu hiyo bila kuiamsha. Windows 10 huvumilia kuhama kuliko 7, kwa hivyo wengi wenu hamtakutana na 7B. Lakini hii nchi ina maduka mengi ya kuchapa, maofisi ya mawakili, zahanati na shule zenye boksi jeusi chini ya meza, na ndani yake programu moja ambayo CD yake haipo.

Fundi aliniomba nirudie ile ya sifuri na tatu. Akapiga picha skrini. "Mimi huweka kama window nne kwa wiki," alisema, si kwa kujitetea, kama mtu anayepiga hesabu. Halafu akaniuliza kitu ambacho bado nakizungusha kichwani: mteja akija na mia tano mkononi, na kunakili tu kunachukua saa mbili, hiyo saa mbili nani analipa? Sikuwa na jibu zuri. Anti, ambaye alikuwa anapanga karatasi, alisema yeye angelipa. Fundi akasema, "Wewe ulikuwa na mzee wa Molo. Wengine hawajui wako na nini mpaka iende." Nadhani kazi yake hapo ni kuuliza, hata kama hatafanya zaidi: una nini humu ndani ambacho huna pengine? Ni swali la sekunde kumi, na halina gharama.

Siku ya Alhamisi tulikubaliana na Anti kuhusu jambo moja lingine, baada ya mabishano. Kila kijitabu kitakachotoka kitahifadhiwa pia kama PDF, na vile vya miaka kumi na moja iliyopita vitageuzwa vitano kwa siku, asubuhi kabla wateja hawajaja. Hakuipenda. Alisema PDF haibadilishiki na wafu wa Nakuru hawaishi kubadilishwa. Kila mara kuna mke wa kwanza aliyesahaulika, mtoto aliyeandikwa kwa jina la shule badala ya la nyumbani. Nikamwambia PageMaker abaki nayo, PDF ni ya siku ambayo hii mashine nayo itavimba kapasita. Akakubali, kwa sharti kwamba vitano viwe vitatu.

Saa nane mchana, vitabu themanini vikiwa vimeshonwa, mzee alipiga simu kutoka Molo. Alikuwa amekumbuka usiku. Kwenye ukurasa wa tatu, kati ya mtoto wa nne na wa tano, kulikuwa na mmoja aliyeishi siku sita. Alikuwa amepewa jina. Aliuliza, kwa upole sana, kama imechelewa.

Anti aliviangalia vile vitabu themanini. Akamwambia mzee hapana, haijachelewa, hebu nitajie polepole. Akavuta kibodi.